Mwaka wa Kura Zisizo Zetu

Deo hakumbuki. Jumapili iliyopita tulikaa meza moja kwenye chakula cha kumuaga dada Nyambura, anayerudi Nakuru baada ya miaka yake yote ya uuguzi hapa Sydney. Deo alipomaliza sahani ya pili ya pilau akafuta mdomo, akanigeukia, akauliza huku anacheka, "Hivi Zuhura, mwaka ule tulipokaa wote Liverpool, tulikuwa tunagombania nini vile? Siasa za Marekani, sivyo? Haki ya Mungu, tulikuwa wendawazimu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ukumbi ulikuwa wa Nyambura na siku ilikuwa yake. Lakini nimerudi nyumbani na lile neno lake "tulikuwa" limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Aliligawa kosa sawasawa kama mtu anayekata keki, kila mmoja kipande chake, kisha akaomba soda. Nimekasirika wiki nzima. Nimekasirika kwa sababu yeye amesahau, na kwa sababu kile kipande alichonipa, nikikiangalia vizuri, naona ni changu kweli.

Sitaeleza nilivyofika Australia wala nani alinikatia tiketi. Hayo kila mhamiaji anayo na yanafanana. Nitaanza na nyumba. Ilikuwa ya kupanga, mwendo wa dakika kumi kutoka kituo cha treni cha Liverpool, Liverpool ya pembeni mwa Sydney, na kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya chumbani, mtu wa jikoni anakuitikia "afya!" Nyambura ndiye aliyeshika mkataba. Alikuwa nesi wa hospitali, tayari ameshapata uraia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu asiyependa maneno mengi akitoka kazini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma uhasibu na kupika kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Deo alikuwa na chumba kilichokatwa kutoka sebuleni kwa kabati na pazia. Mwaka ninaousema mvua haikukatika. Kuvu jeusi lilipanda ukutani nyuma ya kochi, tukilisugua Jumamosi linarudi Jumatano, na nguo zilikaukia jikoni, juu ya vichwa vyetu, tukila chini ya soksi. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Helikopta za polisi zilikuwa zinazunguka juu ya mitaa yetu, ya kusini-magharibi, huku tukiona kwenye simu watu wa ufukweni wamejianika juani. Nalitaja hilo kwa sababu hasira ya Deo haikutoka hewani. Ilikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa cha haki. Tatizo ni ilikokwenda tu.

Kabla ya ugonjwa, Deo alikuwa msimamizi wa karamu kwenye hoteli moja katikati ya jiji. Mtu wa Bukoba, mrefu, msafi, anayejua kukunja kitambaa cha meza kikasimama kama ua. Hoteli ilifungwa, akabaki na simu. Mwanzoni aliangalia mpira wa zamani, kisha mahubiri, na kutoka kwenye mahubiri sijui aliteleza vipi akaingia kwenye siasa za Marekani. Kule kuna vyama viwili vikubwa, na Deo alijichagulia kimoja, kile cha wahafidhina. Na ndani ya chama hicho akawachagua wale wanaopiga kelele kuliko wote, wanaosema uchaguzi uliopita uliibwa, madaktari wanadanganya, na jirani yako ni adui. Hoteli ilipofunguliwa ikataka wafanyakazi waliochanjwa. Deo akakataa sindano. Nyambura alikuwa anavua viatu mlangoni siku aliyotutangazia hilo.

"Aki Deo," akasema, bado ameinama, "mimi natoka wodi ya watu hawawezi kupumua, na wewe unaniambia ugonjwa ni hadithi? Si uje nikuonyeshe?"

"Wanakutumia, Nyambura. Hujui tu."

"Ati wananitumia. Nani sasa?"

Deo akarudi nyuma ya pazia lake, tukamsikia anaongeza sauti ya simu. Neno hilo, kutumiwa, alilipenda. Kila mtu aliyempinga alikuwa anatumiwa na mtu.

Alikuwa na dada yake Marekani, Adventina, ambaye kwa heshima ya kwao alimwita Ma Adve. Aliishi mji mdogo katika jimbo la jangwani, alifanya kazi maabara ya hospitali, na tangu apate uraia alikuwa mwanachama wa chama kilekile ambacho Deo alikishabikia kutoka kwenye kochi letu. Yeye alikuwa na sababu zake: kanisa, kodi, na imani kwamba serikali isiingie nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Alipiga simu kila Jumapili, kwake ikiwa bado Jumamosi, na Deo aliiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kula ili sote tumwone. Alikuwa na uso mpana na miwani iliyoning'inia kifuani. Alinijua kwa jina, aliniuliza mitihani, alinifundisha kwa mbali kumenya ndizi mbichi bila mikono kuingia utomvu. Nilimpenda. Naliandika hilo mapema ili lisionekane kuwa nimelitunga baadaye.

Januari nikaugua. Vipimo havikupatikana dukani, lakini nilijua, maana sikusikia harufu ya kitunguu kinachoungua. Nyambura alikuwa analala huko huko karibu na hospitali, wauguzi hawatoshi, wanafanya zamu juu ya zamu. Deo ndiye aliyenitazama. Yeye asiyeamini ugonjwa aliniletea uji wa ulezi mlangoni mara tatu kwa siku, akabisha, akarudi hatua tano nyuma, akasimama mpaka nichukue kikombe. Siku homa ilipopanda hakurudi nyuma. Aliingia, akakaa kwenye kiti, akanikanda kichwa kwa kitambaa cha maji huku akinisimulia jinsi bibi harusi mmoja alivyozirai juu ya keki. Nilipopona nilikuwa nadaiwa, na si deni la kulipika. Februari aliponijia na karatasi mkononi sikuweza kumkatalia.

Alikuwa ameanza kurekodi. Chumba chetu cha kufulia kilikuwa nyuma ya nyumba, kimya, na humo Deo alisimama mbele ya mashine ya kufua na kutafsiri kwa Kiswahili yale aliyoyasikia kwa wale Wamarekani wake, kisha akayarusha kwenye grupu la Waswahili wa Sydney, nao wakayarusha kwa ndugu zao Melbourne, Toronto, Texas. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kikavu. "Wewe mtoto wa Tanga," akaniambia, "nirekebishie tu lugha." Basi nikarekebisha. Alileta sentensi kama tangazo la wizara, mimi nikaipa mwendo. Nilijiambia nasahihisha lugha, si habari, kama fundi cherehani asiyeulizwa nguo itavaliwa wapi. Na nilifurahia, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kwenye nyumba ya wazee niliambiwa siku nzima "panga trei, osha trei", kwa Kiingereza, taratibu, kama mtoto. Kwenye chumba cha kufulia nilikuwa mwandishi. Watu nisiowajua walituma sauti zao: "Huyu jamaa anaongea!" Walikuwa wanamsifu Deo kwa maneno yangu, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango natabasamu.

Mei wakapiga kura Waaustralia. Nyambura ilikuwa mara yake ya kwanza, akavaa sketi ya kanisani, akatutaka tumsindikize hadi shule ya msingi ya mtaani. Watu walikuwa kwenye foleni na mbwa wao na watoto wao, wazazi wa shule wanachoma soseji kwenye jiko refu lenye moshi na kuziuza ndani ya mkate. Mimi nikaomba mkate na vitunguu bila soseji, wakanipa bila kuuliza. Wanaogawa karatasi za vyama pinzani walisimama bega kwa bega, mmoja kamshikia mwenzake mwavuli. Hapa kupiga kura ni lazima kwa sheria, na ilionekana kabisa: hakuna aliyekuja kwa hasira, wamekuja kwa sababu ni Jumamosi na ndivyo inavyotakiwa. Deo alisimama ukutani anaangalia kama mtu aliyetapeliwa.

"Uchaguzi gani huu?" akasema. "Kama foleni ya posta. Hakuna moto."

"Bana, mimi kwetu nimeona uchaguzi wa moto," Nyambura akamjibu. "Nyumba ziliwaka. Nipe posta kila siku."

Tulicheka, hata Deo. Nikikumbuka sasa naona ndivyo tulivyokuwa tumesimama pale: watatu, kura moja. Mimi na Deo hatukuwa na kura Australia, hatukuweza kupiga kura nyumbani Tanzania tukiwa nje, na hatukuwahi kukanyaga Marekani. Na bado ni uchaguzi wa Marekani uliokuja kutuvunjia nyumba.

Agosti, katika jimbo la Adventina, chama chake kilifanya kura za ndani kumpata mgombea wake wa kuongoza jimbo. Akashinda yule wa kelele. Deo alipika mbuzi. Adventina hakupiga simu Jumapili hiyo; alinipigia mimi Jumatatu, nikiwa nasubiri basi nje ya maktaba. Alikuwa na sauti ya mtu anayeongea stoo.

"Mwanangu, nina neno, ila lisifike kwa Deo. Nimejiandikisha kuhesabu kura. Nimefanya mara mbili huko nyuma sikumwambia mtu, si jambo la kujisifia. Lakini sasa wanatupiga picha. Wanasimama kwenye maegesho na kamera, wanaandika namba za magari. Wiki iliyopita nimekuta karatasi kwenye kioo cha gari langu."

"Imeandikwa nini, dada?"

"Neno moja tu. Mwizi. Na walioandika ni wa chama changu. Ninaosali nao. Deo nikimwambia atanisumbua, na mimi sitaki kugombana na ndugu yangu kwa simu. Wewe unakaa naye. Hayo anayosikiliza, anayaamini kweli, au ni mchezo?"

Basi lilikuwa linaingia. Nikasema, "Ni mchezo tu, da Adventina. Anajipotezea muda. Na sitamwambia kitu." Nikapanda. Nimekuwa na miaka ya kutosha kutafuta jibu bora zaidi, nami ninalo, ninayo hata kumi. Wakati ule nilikuwa na hilo.

Wiki chache baadaye Deo akaniletea karatasi kuhusu wahesabu kura. Kuna video ilikuwa inazunguka, watu wamekaa mezani wanafungua bahasha, na mtangazaji anasema ona, ona mikono yao. Jimbo lilikuwa la Adventina. Nilisoma ile karatasi nimesimama karibu na mashine ya kufua, nikasema, "Kaka Deo, hawa una uhakika nao?"

"Video si hiyo hapo? Macho huna?"

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja ingetosha: dada yako ni mmoja wao. Lakini nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na ahadi ni pazia zuri la kujifichia mtu mwoga. Nikachukua kalamu. Yeye alikuwa ameandika "wahesabu kura hawa ni wezi wanaoharibu demokrasia kwa siri." Nikaibadilisha: "Wote wale ni mchwa kwenye boriti. Wanakula ndani kimya kimya, nje rangi inang'aa. Utajua siku paa likikuangukia." Deo akapiga kofi mashine ya kufua kwa furaha. Alirekodi mara moja tu, hakukosea. Ilisambaa kuliko zote.

Oktoba Adventina akaacha kupiga simu. Deo alisema yuko bize na kanisa. Mimi nilisoma mitihani, nilisugua kuvu.

Wamarekani walipiga kura Jumanne yao, matokeo yakaanza kutufikia Jumatano mchana. Deo alikuwa ameamka na shati la kazi, lile jeupe la hotelini, limepigwa pasi. Alitandika kitambaa mezani. Jimbo baada ya jimbo wale wagombea wake wa kelele wakaanza kuanguka, si wote, lakini wale aliowajua kwa majina, aliowarekodi. Kilichomchanganya ni kwamba wenzao wa chama kilekile, wapole, walikuwa wanapita. Mtu mmoja, karatasi moja, kawapa hawa kamnyima yule. "Haiwezekani," alirudia, "haiwezekani mtu afanye hivyo." Nyambura alikuwa anamenya viazi. "Mbona inawezekana," akasema. "Watu wamechoka." Jimbo la Adventina lilichukua muda kuhesabu, karibu wiki, na siku zote hizo Deo hakula mezani. Jumanne iliyofuata mchana wakatangaza. Mgombea wake ameshindwa. Saa moja baadaye simu ikaita, na kwa mazoea akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta.

Adventina alikuwa amekonda. "Wamemwibia, Ma Adve," Deo akasema kabla ya salamu.

"Nani kamwibia?"

"Hao wahesabu kura."

"Mimi nilikuwepo, Deo. Siku zote hizo nimekaa kwenye ile meza. Kushoto kwangu mama wa chama kile, mimi wa hiki, na bahasha haifunguliwi mpaka tuione wote wawili. Nani aliiba?"

Deo alinitazama mimi, kisha simu. Nikaangalia chini. "Sikukusema wewe," akasema polepole.

"Ulisema wote. Mama mmoja Mkongomani aliniwekea ile rekodi jikoni kanisani, tunaosha vyombo. Anasema, 'Ma Adve, hii si sauti ya ndugu yako?' Nikasema ndiyo, ni yeye." Akavua miwani. "Nikuambie na jingine. Kura zangu nimewapa watu wa chama changu wote, isipokuwa huyo wako. Huyo nimemnyima. Na si mimi tu. Jirani yangu ana bendera ya chama mbele ya nyumba tangu nimjue. Wiki ile aliikunja akaiingiza ndani, na hakumwambia mtu. Tumechoka kuogopana, Deo."

Nilidhani atalia. Niliomba alie. Badala yake akajiweka sawa kwenye kiti, akatumia sauti yake ya kurekodia, akasema, "Labda walikutumia bila wewe kujua, Ma Adve. Hawa watu ni wajanja sana."

Kisha Adventina akasema, "Nilikubeba mgongoni wewe," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemkumbusha mtu anwani. Deo akasimama, akaingia nyuma ya pazia. Nyambura akamfuata, tukamsikia anamwita, "Deo. Deo, rudi uombe msamaha," na yeye anaongeza sauti ya simu yake ya pili, ile ya kurekodia.

Nikabaki mimi na uso wa Adventina kwenye chupa. Nikamwambia. Nilisema haraka, nikimeza maneno: kwamba yale ya mchwa niliandika mimi, kwamba nilijua ameshajiandikisha, kwamba nilijua wakati kalamu iko mkononi.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile niliposikia. Deo hana maneno hayo, mwanangu. Maneno yale yametoka pwani." Akavaa miwani yake tena. "Ndio maana sikupiga simu. Yeye niliweza kumkasirikia. Wewe nilishindwa nikuambie nini." Akanitakia heri ya mitihani, akakata.

Magazeti wiki ile yalisema wapiga kura wa Marekani wamewakataa wenye siasa kali, na yalisema kweli. Nilisoma kila mstari. Nilitafuta mahali panapoeleza nini hutokea kwa waliokwisha kuitwa wezi, na kwa walioandika hivyo, baada ya mgombea kwenda zake nyumbani, sikupaona. Kura ilimwondoa mtu mmoja kwenye kiti ambacho hakuwa amekikalia bado. Mezani kwetu haikumfikia yeyote.

Alasiri ileile ya simu ya Adventina niliingia chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikarekodi kwa sauti yangu mwenyewe. Nilitaja jina langu. Nilisema ile ya mchwa niliiandika mimi, ni uongo, na nilijua mtu mmoja kati ya wale wanaosingiziwa, naye ni mwaminifu kuliko mimi. Dakika mbili. Nikaituma kwenye grupu lilelile, nikakaa juu ya kapu la nguo kusubiri matusi, au swali, au mtu yeyote aniambie hata asante. Alama zikaonyesha watu wanasikiliza, wengine hawakufika mwisho. Mmoja akaweka kidole gumba. Kisha mtu nisiyemjua akaandika kwamba ana chumba cha kupangisha Cabramatta, karibu na soko, kwa mtu mstaarabu, asiyevuta sigara. Nikainakili namba yake haraka, kabla Deo, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi, hajanitoa kwenye grupu, nikampigia.